Sumaku Haikushika

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kwenye majivu ya saluni yangu, mkononi nimeshika mashine ya kunyolea iliyoyeyuka. Wengi mmenitumia pole kupitia gazeti, nawashukuru. Mmoja ameuliza kama nilikuwa na bima. Huyo naomba asiniulize tena.

Kwa anayefika leo: mimi ni kinyozi. Ndiyo kazi yangu na ndilo jina langu, hata mama mkwe ananiita hivyo. Moto ulianzia kwenye waya mbovu wa jirani, ukala viti, vioo, mashine na kabati la taulo. Nilibaki na mikono yangu miwili na gari.

Gari lenyewe si la kwendea sokoni. Ni la mbio, milango miwili, lina turbo, na kiti cha nyuma hakimtoshi hata mtoto mwenye haya. Wateja wangu walilibatiza Shangazi, kwa sababu likiingia mtaani linafoka kuanzia kona ya kwanza na hakuna anayethubutu kulijibu.

Mwenye vyumba vya biashara karibu na kituo cha mabasi alinionyesha chumba cha kona, kina maji na dirisha kubwa. Akaniambia, "Kinyozi, nakushikia mpaka Jumamosi. Usipokuja na kodi ya mwaka, nampa muuza simu."

Hesabu ikawa rahisi. Shangazi aondoke, saluni irudi. Nikikosa chumba kile mimi ni mtu mwenye mkasi tu, anayebisha hodi kwenye nyumba za watu kuuliza kama kuna kichwa.

Na wala sikuwa na wasiwasi. Shangazi hakuwa gari tupu kama alivyotoka kiwandani. Mdogo wangu ni fundi, ana gereji ndogo, watu wanamwita Spana. Miaka yote hiyo alikuwa akiniongezea vitu. Turbo kubwa zaidi. Bomba la moshi pana kama ndoo. Springi zikakatwa ili gari likae chini. Rimu za kung'aa, bawa nyuma, na usukani mdogo wa mashindano, wa ngozi nyeusi, ambao nilikuwa naushika hata gari likiwa limezimwa.

"Kaka," Spana alikuwa akisema kila akikaza boliti, "hapa umeongeza thamani."

Nami nikaamini. Kila nilichofunga nilikihesabu kama akiba. Nilijua siku ya kuuza nitalipwa gari, halafu nilipwe na vikorombwezo vyake. Nilivishwa kilemba cha ukoka, tena nikajitengeneza vizuri mbele ya kioo.

Alhamisi asubuhi nililiosha mwenyewe. Mnunuzi alitafutwa na Spana, mzee mmoja anayefanya biashara ya magari ya mbio. Ili mambo yasikawie niliweka kabisa sahihi kwenye kadi ya gari, upande wa muuzaji, nafasi ya mnunuzi nikaiacha wazi. Nikaisukumia kwenye droo ya dashibodi. Funguo nikazitundika kwenye msumari wake, mlangoni.

Mama, anayeishi nasi chumba cha nyuma, akapita na mkongojo wake. Alisema anakwenda kliniki kwa ajili ya mguu. Tangu mwaka jana anachechemea, mwenyewe anasema ni baridi yabisi.

"Mungu akufungulie, mwanangu," akaniambia.

Nikaitikia amina kwa sauti, jirani akasikia.

Mnunuzi akaja na Spana. Mzee mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakutabasamu. Nikaanza kuimba wimbo wangu wa biashara.

"Mzee, hii turbo..."

"Ya kiwandani?"

"Hapana! Kubwa kuliko ya kiwandani."

"Bomba la moshi?"

"Kubwa!"

"Springi?"

"Zimekatwa, mzee. Linakaa chini kama chui."

Nilikuwa najibu kama mwanafunzi aliyekesha anasoma. Kumbe kila nikijibu, mwenzangu alikuwa anapunguza.

"Kijana, kazi yako nini?"

"Kinyozi."

"Akija mteja kwako, kichwa kimeshanyolewa na mtu mwingine, huku ngazi, huku bonde. Unampunguzia bei?"

"Nimpunguzie kwa lipi? Namwongezea. Kurekebisha ni kazi kuliko kunyoa."

"Basi mimi ndivyo ninavyoliona gari lako."

Nilikuwa nimejifunga mwenyewe, kwa kamba yangu mwenyewe, nikaikaza.

Mzee akaendelea taratibu. Turbo kubwa maana yake injini imekimbizwa kuliko uwezo wake. Springi zilizokatwa maana yake vinavyoshika magurudumu vimechoka kabla ya siku zao. Anayenunua gari la mbio lililotumika hatafuti raha za mwenzake, anatafuta gari ambalo halijachezewa.

"Sasa," akasema, "vile vya asili viko wapi? Turbo yake, springi zake, usukani wake? Ukiwa navyo vyote ninarudisha gari kama lilivyozaliwa, na hapo tutaongea lugha nyingine."

Nikacheka. Hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa. Tangu siku ya kwanza nilimwambia Spana asitupe kitu, akaniambia vyote amevifungia gereji.

"Mwambie mzee," nikamwambia mdogo wangu.

Spana akajikuna shingo.

"Kaka, vile... vilikwenda kwenye chuma chakavu. Kutu, panya. Sikutaka kukuudhi."

"Panya wanakula turbo?"

"Kaka, si mbele ya mgeni."

Kabla sijamjibu, mgeni mwenyewe alikuwa ametoa sumaku mfukoni, imefungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Akaenda moja kwa moja mbele, kushoto, kwenye madigadi, bati linalofunika gurudumu. Akaibandika.

Sumaku ikaanguka.

Niliiokota mimi. "Labda kuna vumbi," nikasema, na gari nililiosha kwa mikono yangu saa ileile.

Akabandika tena. Ikaanguka. Akasogea kwenye mlango wa kushoto, karibu na bawaba. Ikaanguka.

"Chini ya rangi hapa hakuna bati la kutosha," akasema. "Ni puti. Ule udongo wa kuziba mabonde. Gari hili limegonga, kijana."

"Halijagonga hata kuku!"

"Njoo."

Akafungua mlango wa abiria, akapitisha kucha juu ya dashibodi. Palikuwa na mstari mwembamba, umegundishwa ukapakwa rangi. Nimelifuta gari lile mara ngapi sijui, sikuwahi kuuona.

"Hapa panakaa mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga. Huu ulishafumuka, wakabandika kifuniko tu. Ndani hamna kitu." Akaniangalia juu ya miwani. "Na kwa gari hili, kiti kikiwa kitupu mfuko wa abiria haufumuki. Kulikuwa na mtu amekaa hapa."

Akataja bei. Siiandiki, gazeti hili linasomwa na watoto.

"Mifupa ya gari huenda imepinda," akasema. "Mimi ninabahatisha. Fikiria mpaka kesho."

Nikamgeukia Spana. Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alirudi nyuma akajigonga kwenye bomba la maji.

"Nani aligonga gari langu?"

"Kaka, mimi fundi. Nilitengeneza nilicholetewa."

"Uliletewa na nani?"

Akaangalia mlango wa nyumba yangu. Halafu akaniangalia mimi.

"Muulize shemeji."

Akaingia kwenye gari la mzee, eti amsindikize njiani ambembeleze apandishe bei. Wakaondoka. Nikabaki na sumaku mkononi, kwa sababu mzee aliisahau.

Msomaji wangu, wewe ungefanya nini? Mimi sikuingia ndani. Niliingia kwenye gari nikakaa kiti cha abiria.

Nikakumbuka. Mwaka jana nilisafiri kwenda kumzika mjomba, mahali ambapo simu haishiki. Shangazi nilimwacha nyumbani. Niliporudi nilimkuta Spana anampaka rangi mpya gari zima, akasema ni zawadi yake kwa ndugu yake aliyefiwa. Nililia. Nililia kwa ajili ya rangi!

Na niliporudi safari ileile nilimkuta mke wangu na alama ya bluu kifuani, pana kama kiganja. Nikauliza. Akasema ameteleza bafuni. Nilimkanda kwa maji ya moto mwenyewe, wiki nzima, nikamnunulia ndala zisizoteleza.

Basi kichwa kikakamilisha hadithi chenyewe. Mdogo wangu ameshika usukani, mke wangu amekaa pembeni, gari langu, mimi niko makaburini na koleo.

Nikavuta mkanda wa kiti cha abiria nione ulivyomuumiza. Ukapita juu ya bega la kushoto.

Nikasita.

Alama niliyokuwa naikanda ilianzia bega la kulia. Nina hakika. Mimi ninashika vichwa na mabega ya watu kila siku, siwezi kukosea upande. Nikahamia kiti cha dereva, nikavuta mkanda. Bega la kulia.

Hakukaa pembeni. Alikuwa anaendesha.

Nilipumua kwa furaha kama mjinga, halafu furaha ikakatika. Mke wangu hajui kuendesha. Nimemwomba nimfundishe mara nyingi, anasema anaogopa magari.

Nilimkuta anapiga pasi sare za watoto. Sikusalimu.

"Wewe unajua kuendesha gari?"

Pasi ikaendelea kwenda. "Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Shemeji. Kwa magari ya wateja."

"Kwa nini si mimi?"

"Ulinifundisha siku moja. Nikazima gari, ukatoka ukalipapasa boneti, ukaliomba radhi."

"Nilikuwa natania!"

"Mimi sikucheka."

Nikamuuliza aliyekuwa kiti cha abiria ni nani. Hapo pasi ikasimama. Akaiweka wima, akakaa kwenye kitanda, na kwa mara ya kwanza siku ile akaniangalia machoni.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Baba watoto, una mama wangapi?"

Akanieleza. Mama alizidiwa ghafla na shinikizo la damu, mimi sipatikani kwa simu, Spana amekwenda kufuata vipuri mbali. Akachukua funguo kwenye msumari. Wakaenda hospitali vizuri, Mama akatibiwa. Wakati wa kurudi, kwenye makutano, gari la mizigo likawaingilia. Akakwepa, akaivaa nguzo ya taa kwa upande wa kushoto.

"Mfuko ukamfumukia Mama, ukampokea. Nyonga ndiyo iliyoteguka. Mimi sikupokelewa na kitu."

"Kwa nini?"

"Usukani wako wa mashindano hauna mfuko. Wa asili ulikuwa nao. Shemeji aliniambia ule ungenipokea. Mimi nilipokelewa na mkanda."

Nilitafuta pa kuweka mikono yangu. Nikaiweka kwenye sare ya mwanangu, nikaikunja vibaya, akaninyang'anya.

"Na baridi yabisi ya Mama?"

"Hakuna baridi yabisi."

"Kwa hiyo mwaka mzima ninamnunulia mama yangu dawa ya kuchua ya ugonjwa asiokuwa nao. Na wewe unaniona."

"Mama ndiye aliyesema usiambiwe. Mimi nilitaka kukwambia siku uliporudi. Akasema umetoka msibani, tusikuongezee. Halafu shemeji akasema atalitengeneza bure, likawa kama zamani, hutajua."

"Bure! Spana? Spana hajawahi kukaza hata nati bure."

Akainamisha kichwa.

"Alitaka vile vya asili. Vile ulivyomwekesha. Akasema tumwachie viwe vyake, yaishe. Mama akasema mpe. Nikasema sawa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinakula nami meza moja, kinaniombea dua asubuhi, na kinanipigia pasi.

Nilimwambia maneno, ya mzee na sumaku yake yakiwamo. Siyarudii yote. Nilimwambia nimelala na mtu nisiyemjua. Nilimwambia ni heri saluni iliyoungua, maana ile niliona moshi. Aliniacha nikaisha, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yule mzee, na sumaku yake, alianzia wapi?"

"Mbele kushoto."

"Hakuzunguka gari kwanza? Hakujaribu kulia, hakujaribu nyuma?"

"Hapana. Alikwenda moja kwa..."

Nikaitoa sumaku mfukoni nikaiangalia.

"Baba watoto," akasema polepole, "asiyeuliza njia ameshaelekezwa."

Walioijua sehemu ile, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa watatu. Yeye, Mama na aliyeipaka puti.

"Twende wote," akasema, akachomoa waya wa pasi.

"Wewe usiende popote. Na gari langu usiliguse tena maisha yako!"

Niliubamiza mlango nikaondoka kwa miguu. Gereji ya Spana haiko mbali, na nilikuwa na hasira ya kunifikisha mara mbili.

Lango lilikuwa limerudishiwa tu. Sikubisha. Gari la mzee lilikuwa limeegeshwa ndani, penye kivuli. Kwenye benchi la kazi palikuwa na chai, na karibu na benchi turubai limefunuliwa.

Nilivitambua kabla sijakaribia. Turbo ya asili, imesafishwa, imepakwa mafuta. Springi nne zimepangwa. Rimu zake za mwanzo, zile nilizoziona za kizee. Juu ya zote, kwenye kitambaa safi, usukani wa kiwandani, mpana na mnene katikati. Hapakuwa na kutu wala jino la panya.

Spana akasimama. Kikombe kikamponyoka.

"Kaka. Karibu. Umekuja na nini?"

"Na sumaku ya mzee. Nimeona nisimcheleweshee kazi." Nikaibandika kwenye turbo. Ilishika vizuri sana.

Mzee wa miwani akatazama chai yake. "Mimi nilikwambia," akamwambia Spana, "nizunguke gari kwanza. Ukasema tuwahi."

"Wewe si mnunuzi," nikamwambia.

"Mimi ni dalali, kijana. Ninaonyesha sura, ninachukua changu."

Nikamfuata mdogo wangu mpaka ukutani. Huyu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Spana yake ya kwanza niliinunua mimi.

"Chesisi, ile mifupa ya gari, imepinda au haikupinda?"

"Kaka..."

"Imepinda au haikupinda!"

"Haikupinda. Niliipima mwenyewe. Ni ngozi tu iliyoumia, ningeweka madigadi mpya na mlango mpya, na mifuko mipya. Na hivi vya asili. Likiwa hivyo, kaka, wapo wanaolitafuta gari lile kwa udi na uvumba. Linauzwa mara tatu."

"Mara tatu ya ile bei ya kunizika?"

Akakwaruza ukuta kwa kucha.

"Nikakwambia nimeungua, nimebakiza gari tu. Ukakaa kwangu, ukala, ukaniambia kaka usijali nitakutafutia mnunuzi. Ndiyo huyu?"

"Biashara, kaka. Wewe ulishaishi. Una nyumba, mke, wateja. Mimi nina nini? Gereji ya kupanga na magari ya watu."

"Na hela ya kulinunua umeitoa wapi? Wewe huna hata ya soda."

Spana akatazama kando, kule kwenye kichumba anachohifadhia vipuri. Nilijua kabla hajafungua mdomo atasema nini, maana alishanifanyia hivyo asubuhi.

"Muulize Mama."

Nikasikia mkongojo kabla ya kumwona. Akatoka mle chumbani, kitenge chake kizuri, kile cha kliniki. Mkononi ana kisahani cha sukari. Alikuwa amewafuatia sukari.

"Keti, mwanangu," akasema. "Gari nalinunua mimi."

Nimeungua na saluni, sikulia. Pale machozi yalikuja yenyewe, sikuyazuia na wala sioni aibu kuyaandika.

"Mama, una hela?"

"Nimeuza kiwanja."

"Cha baba?"

"Aliniachia mimi."

"Kabla saluni haijaungua au baada?"

Akaweka sukari mezani. Akapanga kijiko pembeni yake, kikakaa sawa.

"Baada."

"Kwa hiyo ulikuwa na hela. Unaniona nakusanya mabati kwenye majivu, una hela. Jumamosi ninapoteza chumba, unajua, una hela."

"Wewe una mikono. Popote ukisimama utanyoa. Huyu asiponyanyuliwa sasa ataharibika, na mimi sina miaka ya kusubiri. Ni lazima nichague, mwanangu. Mama mwenye watoto wawili siku moja huchagua."

"Asubuhi uliniombea Mungu anifungulie!"

"Na amekufungulia. Hela utapata."

"Ile bei?"

"Ni bei ya gari lililogonga."

"Lililogonga wewe ukiwa ndani, Mama!"

Akakaa kwa shida, mguu mbele. Nilitaka kumsaidia, mkono ukaenda wenyewe, nikaurudisha. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba mkono wangu ulikuwa bado haujapata habari.

"Mama watoto alijua haya?" nikauliza. "Alijua kwamba mnunuzi ni wewe?"

Mama akamtazama Spana. Spana akamtazama Mama. Walikuwa wanatafuta la kunijibu, na mimi nilikuwa nalitafuta usoni mwao, ndipo sauti ikaingia.

Ilianzia mbali, kwenye kona ya mtaa. Hakuna gari lingine linalofoka vile. Bomba pana kama ndoo, turbo inapiga mluzi. Shangazi.

Nikawahesabu kwa macho. Spana yupo, Mama yupo, mzee wa miwani yupo. Mimi nipo. Funguo nilikuwa nimeziacha kwenye msumari.

"Anakuja," Mama akasema, akajitengeneza kitenge. Alionekana kutulia. "Si unaona? Amelileta mwenyewe. Yaishe."

Basi ndiyo hivyo. Na yeye yumo. Nilishika ukingo wa benchi nikasubiri niisikie breki.

Spana akakimbilia lango, akalifungua pande zote mbili ili gari lipite.

Sauti ikakaribia. Ikafika langoni. Nilimwona mke wangu kwa kufumba na kufumbua, mgongo umenyooka, mikono yote miwili kwenye usukani wa mashindano, mkanda juu ya bega la kulia. Hakugeuza kichwa. Wala hakupunguza mwendo.

Akapita.

Tulibaki tukisikiliza. Akabadilisha gia, safi kabisa, hata mimi sibadilishi vile. Shangazi akafoka kwenye kona ya pili, akashika barabara kuu, sauti ikaanza kufifia.

Spana alikuwa bado ameshika malango, moja kila mkono. Mzee wa miwani alikuwa amesimama. Mama alinigeukia, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mama yangu. Alikuwa hajui.

"Mkeo anakwenda wapi na gari?"

Nilikuwa nimeikumbuka kadi iliyoko kwenye droo ya dashibodi, sahihi yangu iko chini, na nafasi ya mnunuzi iko wazi.